Barua ya wazi kwa wasimamizi wa magari na barabara: kamera na rada za magari haya hazikaguliwi na mtu

Kwa: Wakuu wote mnaosimamia ukaguzi wa magari, usalama barabarani, viwango na bima, Kenya

KUH: MAGARI YENYE MIFUMO YA KUJIFUNGIA BREKI NA KUJIELEKEZA YANAYOINGIA KUPITIA MOMBASA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu na heshima inayostahili nafasi zenu. Hoja zilizomo humu si ngeni. Zilipelekwa kwa barua za kawaida, zikapita madawati kadhaa, zikapigwa mhuri wa kupokelewa, na safari yake ikakomea hapo. Leo tunaziweka hadharani.

Mikutanoni na redioni swali huwa lile lile: magari yanayojiendesha yatafika lini, na je, Wakenya watayakubali? Swali hilo limechelewa. Kamera, rada na kompyuta yenye ruhusa ya kufunga breki bila mguu wa dereva vimeshashuka bandarini ndani ya magari ya mitumba ya Kijapani: Fielder, Note, Fit, Demio, Forester na X-Trail. Kanuni ya miaka 8 kwa magari ya mitumba inaruhusu mwaka 2026 magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019, na kufikia mwaka huo wenye viwanda Japani walikuwa wakiweka breki za dharura hata kwenye magari madogo ya bei nafuu. Mwananchi atayaamini au atayakataa magari ya kesho kwa kutazama haya ya leo yanavyofanya kazi.

Tuseme wazi, maana uvumi ni mwingi: hakuna hata moja kati ya magari haya linalojiendesha. Wahandisi wamepanga madaraja kutoka 0 hadi 5, na yetu hayazidi la 2. Gari linasaidia, dereva anabaki dereva kila sekunde. Daraja la 3, ambapo mtu anaruhusiwa kuondoa macho barabarani kwa muda, lilianza Japani mwaka 2021 kwa Honda Legend 100 tu, tena za kukodishwa, na kwa msongamano wa barabara kuu peke yake. Anayewaambia wateja kwamba gari la daraja la 2 "linajipeleka" anauza hatari.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ukaguzi uliandikwa kabla ya vifaa hivi kuwapo. Kiwango tunachokitegemea, KS 1515, ni cha mwaka 2000. Kinajua breki, taa, springi, tairi na kutu. Kamera iliyo nyuma ya kioo hakiijui, kwa sababu wakati ule haikuwapo. Japani kwenyewe walishaona pengo hilo. Kwa sheria iliyoanza Aprili 2020, gereji ya huko haiwezi kugusa kamera au rada hizi, wala kubadilisha kioo cha mbele chenye kamera, bila kuwa na kibali maalumu. Na tangu Oktoba 2024 ukaguzi wao wa lazima umeanza kusoma kompyuta za magari mapya ili kunasa hitilafu ambazo jicho haliwezi kuziona. Gari likitoka kwenye utaratibu huo na kuingia kwetu, usimamizi wote unakatika baharini.

2. Kioo cha mbele. Hapa ndipo madhara yanapoanzia kwa magari mengi, kwa hiyo mtuvumilie tukieleza kwa urefu.

Kamera inakaa juu ya kioo, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, imeshikwa na kibano kilichogundishwa kiwandani. Kioo kikipasuka kwa jiwe, mwenye gari huletewa kioo cha bei nafuu kisicho na kibano. Fundi hubandua kibano cha zamani na kukigundisha kwenye kioo kipya kwa makadirio ya jicho. Gari linawaka, taa ya onyo haiwaki, kazi imekwisha. Lakini kamera sasa inatazama pembeni au juu, na mara nyingi haina namna ya kujua. Mifumo mingine hujirekebisha kosa likiwa dogo sana, na ikizidiwa huwasha taa. Mingine hukaa kimya kabisa.

Hesabu yake ni rahisi. Kosa la digrii 1 linakuwa sentimita 87 kwa umbali wa mita 50, na mita 1.75 kwa umbali wa mita 100. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa takriban mita 3.5. Maana yake, kwa umbali wa mita 100 kamera imekosea nusu ya njia: lori lililoegeshwa kando linaonekana kama liko mbele yako, na lililo mbele yako linaonekana kama liko kando. Kosa la kwanza hufunga breki bila sababu kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi huku trela likiwa nyuma yako. La pili halifungi kitu.

Kazi sahihi inajulikana. Kioo kiwe na kibano cha asili, na sehemu iliyo mbele ya kamera iwe safi, isiyopotosha picha. Gundi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake kabla ya gari kusogezwa. Kisha wili alainmenti (kunyoosha magurudumu), upepo wa tairi sawasawa, gari tupu bila mizigo, sakafu iliyo sawa. Ndipo ubao wenye alama unasimamishwa mbele ya gari kwa umbali aliouandika mtengenezaji, ukiwa umelingana na mstari wa katikati wa gari, na mashine ya kupimia kompyuta inaamrisha kamera ijifunze upya. Baadhi ya modeli hutaka pia kuendeshwa kwa mwendo wa kudumu kwenye barabara yenye mistari inayoonekana. Huo ndio usawazishaji ambao mafundi huuita kalibresheni. Ukiruka wili alainmenti, mengine yote ni bure, kwa sababu kamera itasawazishwa na mstari ambao gari lenyewe haliufuati.

Na hata kioo cha asili hupofushwa. Ukanda wa tinti juu ya kioo, stika ya dini au ya timu, kishikio cha simu: vikikaa mbele ya kamera, mfumo unajizima au unaona nusu.

3. Kuinua gari, ngao na nembo. Matuta na mashimo yetu yamewafundisha watu kuinua gari kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo cha springi), na hatuwalaumu. Lakini Fielder ina milimita 2,600 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukiinua mbele peke yake kwa milimita 30, pua inapanda kwa takriban theluthi mbili za digrii, na kwa umbali wa mita 50 mtazamo umepanda kwa karibu sentimita 58. Rada inayotakiwa kuona nyuma ya gari dogo inaanza kutazama juu zaidi, kuelekea paa lake. Ukiinua mbele na nyuma sawasawa, kosa linapungua sana. Fundi wa springi akiambiwa jambo hili moja tu, ajali kadhaa zimeepukwa, na halihitaji hata shilingi.

Kwenye Toyota nyingi rada iko nyuma ya nembo ya mbele. Ile nembo laini, inayong'aa kama kioo, si pambo. Imetengenezwa ili mawimbi ya gigahezi 77 yapite. Ikiibiwa (na huibiwa sana) watu hununua nembo ya kawaida yenye kromi nzito, na rada inabaki imefungwa macho. Ngao ya chuma iliyofungwa mbele ya bampa inafanya vivyo hivyo. Bodifila nene (lipu ya kuziba mabonde ya bodi) na rangi yenye chembe za chuma kwenye kona za bampa la nyuma huharibu rada za kuonya magari ya pembeni.

4. Onyo liko kwa Kijapani. Kila dereva hapa anamjua yule mwanamke anayeulizia kadi ya kulipia barabara za Japani kila gari linapowashwa. Tumemzoea hadi hatumsikii. Ubaya ni kwamba onyo la "mfumo wa breki za dharura umezimika, safisha kamera" nalo linakuja kwa maandishi yale yale, na dereva anabonyeza liondoke. Gari halimdanganyi. Linamweleza kwa lugha asiyoijua, naye amejifunza kutosikiliza. Kitabu cha maelekezo, kama kimesafiri na gari, nacho ni cha Kijapani.

5. Maneno ya mauzo. Humu ndimo imani ya watu inapojengwa na kubomolewa. Kwenye yadi na mitandaoni gari lenye usukani unaojivuta kurudi kwenye mstari linatangazwa kuwa linajiendesha. Mnunuzi wa kwanza analiamini kupita kiasi: anaachia usukani, anashika simu. Mnunuzi wa pili anashtuka breki zilipojifunga mbele ya mwendesha bodaboda aliyekatiza, anamwambia fundi azime kila kitu, na kuanzia siku hiyo anawatangazia jamaa zake kwamba "kompyuta za magari ni za kuua". Hao wawili wanaonekana kama wapinzani, kumbe wote walikosa maelezo yale yale ya dakika 10 siku ya kukabidhiwa ufunguo. Uingereza, katika Sheria ya Magari Yanayojiendesha ya mwaka 2024, imeandika kwamba ni kosa kumtangazia mteja gari kwa namna ya kumfanya aamini linajiendesha ilhali halijaidhinishwa hivyo. Hapa neno hilo ni la bure kwa kila dalali.

6. Anayetembea kwa miguu. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka tangu 2021, na kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu. Kwa hiyo tunauliza: mifumo hii inamwona nani?

Kifurushi cha mwanzo cha Toyota cha mwaka 2015, kilichoitwa C, kilifunga breki kwa ajili ya magari, hakikumtambua mtu. Kifurushi P kilimtambua. Vyote vilibeba jina lile lile la Safety Sense, na muuzaji hatofautishi. Hata kwa mifumo inayotambua watu, vitabu vya Toyota vyenyewe huorodhesha wale wanaoweza kukosewa: mwenye kimo cha chini ya takriban mita 1; aliyebeba mzigo mkubwa au mwavuli unaoficha umbo lake; aliyeinama; anayesukuma baiskeli au kiti cha magurudumu; watu walioshikamana kwa kundi; aliye gizani. Someni orodha hiyo tena mkiwa mmesimama sokoni Kongowea, Mombasa, saa 12 jioni. Mtoto wa chekechea, mama mwenye gunia kichwani, msukuma mkokoteni: ni sisi wote.

Haya si mawazo ya kinadharia. Machi 2018, huko Tempe, Arizona, Marekani, gari la kampuni ya Uber, Volvo lililokuwa kwenye majaribio ya kujiendesha, lilimuua Elaine Herzberg aliyekuwa akivuka usiku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa shirikisho walikuta kwamba vifaa vilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Programu ilibadilisha mawazo mara kadhaa: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Kila ilipobadilisha jina, ilisahau alikotoka, kwa hiyo haikuweza kukisia anakokwenda. Nayo haikutengenezwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Breki za dharura za Volvo yenyewe zilikuwa zimezimwa programu ya majaribio ilipokuwa kazini. Dereva msimamizi alikuwa akitazama simu. Nchi ambayo vivuko vyake ni haba na rangi yake imefutika haiwezi kupokea programu inayodhani watu huvuka kwenye kivuko tu.

7. Fomu ya ajali haiulizi. Hakuna mahali pa kuandika kama gari lilikuwa na breki za dharura, kama zilikuwa zimewashwa, wala kama kioo kiliwahi kubadilishwa. Bila hayo, mjadala wowote wa "teknolojia inasaidia au inaua" ni kelele.

Tunajua majibu yatakayokuja.

Mtasema dereva ndiye mwenye wajibu, kwa hiyo mfumo ukikosea ni juu yake. Kisheria ni kweli, na kwa daraja la 2 tunakubali. Ila breki za kawaida nazo ni wajibu wa dereva, na bado mnazikagua. Kifaa chenye uwezo wa kusimamisha gari ghafla kwa kilomita 80 kwa saa hakiwezi kuachwa kwa sababu mtu ameshika usukani.

Mtasema vifaa vya kalibresheni ni ghali. Seti kamili ni ghali kweli, na si kila gereji itanunua. Lakini ukaguzi hauhitaji seti hiyo. Kwa dakika 15 mkaguzi anaweza kufungua swichi na kuhakikisha taa ya mfumo inawaka kisha inazima (isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayobaki imewaka). Kutazama kioo mbele ya kamera na kibano chake. Kutazama nembo na bampa. Kupima kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda pande zote nne na kulinganisha na cha mtengenezaji. Kisha kuchomeka mashine ya kusomea kompyuta na kuchapisha hitilafu zilizohifadhiwa. Futi ya kupimia na mashine ya kawaida. Hayo tu.

Mtasema mafundi wa jua kali wataumia. Wataumia zaidi siku familia ya marehemu itakapomshtaki aliyegundisha kibano kwa silikoni. Wapeni mafunzo na waandikishwe; kazi ya kutoa na kuweka kioo ibaki kwao, na kalibresheni ifanywe na vituo vichache vinavyohudumia gereji nyingi.

Na mtasema magari yasiyo na dereva kabisa yako mbali na sisi. Huenda. Mkitaka kujua kwa nini maandalizi ni sasa, tazameni miji miwili. San Francisco, Agosti 2023, kampuni za Cruise na Waymo ziliruhusiwa kubeba abiria kwa malipo usiku na mchana. Oktoba 2 mwaka huo gari la Cruise lilimkokota kwa takriban mita 6 mwanamke aliyekuwa amegongwa kwanza na gari lingine. Wasimamizi wa California walisema hawakuonyeshwa mwanzoni sehemu ya kukokotwa, wakasimamisha ruhusa za Cruise ndani ya mwezi huo, na Desemba 2024 General Motors, mmiliki wa Cruise, ikaacha kugharamia teksi hizo. Kwa upande wa pili, Eiheiji, Japani, wana kigari cha abiria cha daraja la 4, yaani kinachojiendesha chenyewe kwenye njia yake, kinachokwenda kilomita 12 kwa saa. Mwisho wa Oktoba 2023 kiligusa baiskeli iliyoegeshwa, isiyo na mtu. Hakuna aliyeumia. Walisimamisha huduma, wakaeleza kwamba programu haikuwa imefunzwa kutambua baiskeli kwa pembe ile, na hawakurudi barabarani hadi Machi 2024. Baiskeli tupu iliwagharimu karibu miezi mitano, na hawakuificha.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

a) Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kiorodheshe mifumo ya usaidizi iliyomo ndani ya gari, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na chapisho la hitilafu za kompyuta siku ya ukaguzi. Gari lenye hitilafu ya kamera au rada lisipakiwe kabla ya kutengenezwa.

b) Ukaguzi wa dakika 15 tulioueleza uingizwe katika ukaguzi wa hapa nchini, kwa kuanzia na magari ya biashara, teksi za programu na mabasi madogo ya shule.

c) Kampuni za bima zihesabu kalibresheni kuwa sehemu ya dai la kioo, nje ya kikomo cha kioo chenyewe, na zisilipe bila karatasi ya kalibresheni pale gari linapokuwa na kamera. Hili peke yake litabadilisha mwenendo wa gereji haraka kuliko sheria yoyote.

d) Iwe marufuku kutangaza gari la daraja la 1 au la 2 kwamba linajiendesha, na muuzaji amkabidhi mnunuzi ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema mfumo unaona nini, hauoni nini, na namna ya kujua umezimika.

e) Fomu ya polisi ya ajali iongezwe maswali matatu tuliyoyataja kwenye hoja ya 7.

f) Mistari na vivuko vipakwe rangi upya kwa ratiba inayotangazwa. Kamera inaihitaji, na mtu wa miguu aliihitaji kabla yake.

g) Kampuni yoyote itakayoomba kujaribu gari lisilo na dereva ionyeshe kwanza, kwenye uwanja uliofungwa na mbele ya watu, kwamba linamtambua mwenye mzigo kichwani, mkokoteni, bodaboda yenye abiria wawili bila taa ya nyuma, na mtoto wa chini ya mita 1, mchana na usiku. Video ya kila ajali ya majaribio ikabidhiwe nzima, si vipande.

Ombi la (b) na la (e) halihitaji bunge wala bajeti mpya. Tunaomba yaanze ndani ya siku 60. Tuko tayari kuja na futi, mashine na gari moja kwenye kituo chochote mtakachochagua, tuwaonyeshe wakaguzi wenu hatua zote. Jibu lenu tunaliomba kwa maandishi, na hadharani.

Wenu watiifu,

Mafundi wa umeme wa magari, mafundi wa vioo na madereva, Mombasa